Kuhifadhi kwenye simu na kuhifadhi kifuani

NDUGU msomaji, naomba nianze na kisa ambacho mimi mwenyewe nimo ndani yake, na sehemu yangu katika kisa hicho si ya kujivunia.

Miezi michache iliyopita kijana mmoja niliyepata kumfundisha somo la Elimu ya Dini ya Kiislamu sekondari, ambaye sasa yuko chuo, alinijia baada ya swala ya Isha akiwa na simu mkononi na furaha usoni. Alikuwa ametoka likizo kwao, kijiji kimoja cha pwani ya Tanga. Huko alifungua kasha la wazee wake, akakuta makaratasi ya zamani yaliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Akayapiga picha yote, moja baada ya moja, mchana kutwa. Picha zilizidi mia mbili. Ukurasa mmoja uliompendeza kuliko zote, wenye mwandiko mzuri wa wino mweusi na mwekundu, aliuweka mtandaoni, akautilia kasida kwa nyuma, na juu yake akaandika kwamba hii ni dua ya wazee wetu wa pwani, tusiache turathi zetu zipotee.

"Ustadh, watu wameipokea vizuri mno," aliniambia. Na kweli walikuwa wameipokea. Zaidi ya watu elfu nne walikuwa wameitazama, na mamia walikuwa wameandika chini yake neno moja tu: Amin.

Nikaichukua simu, nikaikuza ile picha, nikaanza kusoma. Bismillahi ilikuwapo, na kumswalia Mtume (s.a.w.) kulikuwapo. Baada ya hapo lugha ilikuwa Kiswahili, wala haikuwa dua. Ulikuwa ni waraka wa wakfu. Mwenye waraka, mwaka 1331 Hijria, yaani karibu na mwaka 1913, alikuwa anashuhudisha kwamba minazi yake 12 katika shamba lake ameitoa kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, mazao yake yauhudumie msikiti wa kijiji, na kwamba haiuzwi, haitolewi zawadi wala hairithiwi. Chini yake yalikuwapo majina ya mashahidi wanne.

Kijana alinyamaza kitambo. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Ustadh, lile shamba liliuzwa. Mimi nilikuwa sijazaliwa."

Sasa tujiulize. Kijana huyu alikuwa amehifadhi nini? Karatasi ilikuwa salama, picha ilikuwa safi, watu elfu nne walikuwa wameiona. Lakini jambo ambalo mzee yule alichukua kalamu ili alihifadhi, yaani minazi yake 12 na msikiti wake, lilikuwa limepotea kwa miaka mingi, na mamia ya Waislamu walikuwa wamepita juu yake wakisema Amin. Hili ndilo ninalotaka tulitazame wiki hii, kwa sababu vijana wetu wengi wameingia katika kazi hii ya kuokoa turathi kwa kutumia mitandao, na wengi wetu tunawapongeza bila kuwauliza wala kujiuliza kinachookolewa ni kitu gani.

Lugha yetu ina neno moja ambalo siku hizi linabeba kazi mbili. Tunasema mtoto fulani amehifadhi juzuu 5, na tunasema pia kwamba picha imehifadhiwa kwenye simu. Neno ni lile lile, tulilolipata kutoka Kiarabu. Lakini tazama tofauti yake. Mtoto aliyehifadhi juzuu 5, ukimwamsha usiku wa manane atakusomea. Akikosea herufi, mwalimu wake atajua na atamrudisha. Na akikua, aya aliyoihifadhi itamfuata sokoni itakapomkataza kupunja mizani. Simu iliyohifadhi msahafu mzima haijui kilichomo ndani yake, wala hakuna inachokatazwa.

Katika Surat al-Jumua, aya ya 5, Mwenyezi Mungu (s.w.) amewapigia mfano watu waliobebeshwa Taurati kisha wasiibebe kwa vitendo, akawafananisha na punda aliyebeba vitabu. Tunapoisoma aya hii wengi wetu huwafikiria watu wengine, wa zamani, wa mbali. Mimi usiku ule nilimfikiria punda wa siku hizi, mdogo, wa kioo, anayeingia mfukoni. Na nilijifikiria mimi, kwa sababu nitakayoieleza.

Mtu asidhani kwamba nawapinga vijana hawa. Babu yangu mzaa baba naye aliacha makaratasi. Nilipokuwa mwaka wa pili chuo kikuu, shangazi alinipigia simu akanitaka nikayachukue kwa kuwa nyumba ile ilikuwa inaezuliwa. Nilimjibu kwamba nikimaliza mitihani nitakwenda. Nilipokwenda, mvua za masika zilikuwa zimekwisha fanya kazi yake, na mchwa wakamalizia. Kilichobaki ni jalada la ngozi. Laiti siku ile angekuwapo mjukuu mwenye simu na mchana mmoja wa kupoteza, leo ningekuwa na cha kusoma. Kwa hiyo mtu anayesema kwamba kupiga picha ni upuuzi wa vijana, mimi si mwenzake. Karatasi katika pwani yetu ina maadui wengi: unyevunyevu wa bahari, mchwa, mapaa yanayovuja, na warithi wanaodhani ni takataka.

Na hazina yenyewe si ndogo. Wazee wetu waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu kwa karne kadhaa kabla ya kuja serikali za kikoloni. Chuo cha Herekali, ambao ni utenzi unaosimulia vita vya Tabuk, kina nakala iliyoandikwa mwaka 1728. Mwana Kupona binti Mshamu alimtungia binti yake utenzi wa wasia mnamo mwaka 1858. Hapo hapo Tanga, Hemedi bin Abdallah el-Buhriy alitunga utenzi wa vita vya Wadachi kutamalaki Mrima, vita ambavyo Bushiri bin Salim alinyongewa Pangani mwezi Desemba 1889. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina mkusanyo mkubwa wa hati za namna hii, nyingi zikiwa zimekusanywa miaka ya 1960. Nyingine ziko London katika chuo cha SOAS. Lakini hati mashuhuri ni chache ukizilinganisha na zile zilizomo makashani: barua, hati za mahari, mikataba ya mashamba, hesabu za madeni, hirizi, nasaba na wakfu.

Ilikuwaje basi mjukuu wa watu walioandika namna hii asiweze kutofautisha dua na hati ya shamba? Jibu linajulikana. Wajerumani mwanzoni waliandikiana na maliwali na maakida kwa herufi za Kiarabu, lakini shule zao za serikali zikafundisha herufi za Kilatini. Waingereza wakaendelea, na kamati ya kusanifu Kiswahili iliyoundwa mwaka 1930 ilifanya kazi kwa herufi hizo hizo. Mtu aliyekuwa msomi kijijini kwake akajikuta anahesabiwa mjinga, kwa sababu hawezi kusoma tangazo la bwana shauri. Hilo ni la wakoloni. Lakini tuwe wakweli: uhuru una zaidi ya miaka 60, na madrasa hazikufungwa. Watoto wetu bado wanajifunza alifu, be, te. Nani alituzuia kuwafundisha kwamba kwa herufi hizo hizo wanaweza kusoma barua ya babu yao? Mimi nimesomesha miaka 9 na sikuwahi kulifanya hilo hata kwa kipindi kimoja. Ndiyo maana nilisema kwamba sehemu yangu katika kisa hiki si ya kujivunia. Aliyeweka mtandaoni wakfu akauita dua alikuwa mwanafunzi wangu mimi.

Turudi kwenye historia ya dini yetu tuone watangulizi wetu walifanya nini walipokabiliwa na hofu kama hii. Katika vita vya Yamama, mwaka wa 12 Hijria, waliuawa mahafidhi wengi. Umar (r.a.) akamwendea Khalifa Abubakar (r.a.) kumshauri Qur'an ikusanywe mahali pamoja katika maandishi. Abubakar alisita, vipi afanye jambo ambalo Mtume (s.a.w.) hakulifanya? Umar akaendelea kumshauri mpaka Mwenyezi Mungu akaukunjua moyo wake kwa jambo hilo. Zaid bin Thabit (r.a.) aliyepewa kazi naye alisita kwanza, kisha akaikusanya kutoka katika makuti, mawe na vifua vya watu. Zaid mwenyewe alikuwa ameihifadhi, lakini hakutegemea kifua peke yake, wala hakutegemea maandishi peke yake.

Kisha ukaja wakati wa Uthman (r.a.), misahafu ikanakiliwa na kupelekwa katika miji mikubwa. Hapa pana jambo ambalo tunalipita haraka tunapofundisha. Wanazuoni wa elimu za Qur'an wanaeleza kwamba misahafu ile haikupelekwa peke yake. Pamoja na msahafu alikwenda msomaji. Abu Abdirrahman as-Sulami alikuwa Kufa, Amir bin Abd Qays akawa Basra, na miji mingine vivyo hivyo. Maandishi ya wakati ule hayakuwa na nukta wala irabu, na neno moja liliweza kusomwa kwa namna zaidi ya moja. Kitabu kilihitaji mtu.

Na sisi leo tunapeleka nini? Tunapeleka kitabu bila mtu. Tunapeleka picha ya kitabu, tukaiongezea kasida ili isimchoshe mtazamaji.

Kuna watakaosema kwamba walau picha haitapotea tena. Hilo nalo tusiwe na uhakika nalo sana. Katika miaka ya 2010 hati za Msikiti wa Riyadha wa Lamu zilipigwa picha chini ya mpango wa British Library, maktaba ya taifa ya Uingereza, unaohusika na nyaraka zilizo katika hatari ya kupotea. Ilikuwa kazi njema, na jambo jema zaidi ndani yake ni kwamba hati zenyewe zilibaki Lamu kwa wenyewe. Mwezi Oktoba 2023 wezi wa mtandao waliivamia mitambo ya British Library, na kwa miezi mingi wasomaji duniani hawakuweza kuzifikia hati nyingi zilizowekwa kwenye mtandao wa maktaba ile. Kama yale yaliipata maktaba ya taifa kubwa, itakuwaje kwa ukurasa wa kijana ambaye akisahau neno la siri kila kitu kimekwenda?

Mtume (s.a.w.) ametufundisha, katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, kwamba Mwenyezi Mungu haiondoi elimu kwa kuinyofoa kutoka katika vifua vya watu, bali huiondoa kwa kuwafisha wanazuoni. Hadithi hii haikusema kwamba elimu inaondoka kwa kuungua vitabu. Vitabu vinaweza kujaa nyumba, na siku hizi vinaweza kujaa simu, na elimu ikawa imeondoka.

Sasa niendelee na kisa. Wiki mbili baadaye nilifuatana na yule kijana hadi kwao, kwa kuwa nilitaka kuuona waraka wenyewe, na palikuwa na neno moja lililonishinda. Waandishi wa zamani hawakuwa na herufi maalumu ya p, wala ya mb. Herufi ya be iliweza kusomwa b, p au mb, kwa mujibu wa maana. Hali kadhalika fe iliweza kuwa f au v. Katika waraka ule palikuwa na neno ambalo mimi, pamoja na shahada yangu, nilikuwa nimelisoma "bata". Nikajisumbua: bata wa nini katika wakfu wa msikiti? Nikajaribu "pata", haikukaa sawa.

Bibi yake yule kijana, mwenye umri unaopindukia miaka 80, alikuwa amekaa mkekani anatusikiliza tunavyobishana. Akaniita. "Hebu nisomee, mwalimu, kutoka mwanzo wa mstari." Nikamsomea. Akacheka mpaka akafunika uso kwa upande wa kanga. "Bata! Mbata hiyo, mwanangu. Nazi iliyokaukia ndani ya kifuu. Mbata zilikuwa zinakamuliwa mafuta ya taa za msikiti."

Kisha akaupokea waraka, akausogeza kwenye mwanga wa mlango, akausoma wote mpaka kwenye majina ya mashahidi, bila kukwama. Baba yake alimfundisha chuoni akiwa mtoto. Nikamuuliza kama alijua habari za wakfu huu. Alijua. Alijua tangu msichana, na ilipouzwa minazi pamoja na shamba mwaka 1984 alijua vilevile. "Kwa nini hukusema, bibi?" Akaniangalia kama mtu anayeulizwa jambo la ajabu. "Nani aliniuliza?"

Ndugu msomaji, nimekaa na swali lile la bibi kuliko nilivyokaa na kitabu chochote mwaka huu. Mjukuu alikwenda nyumbani kwake, akakaa mchana kutwa akipiga picha makaratasi, na mwenye kuyasoma yote alikuwa amekaa hatua kumi kutoka pale alipokaa yeye. Hakumuuliza. Na si ufedhuli, ni kijana mwenye adabu, alimwamkia na kumletea sukari. Ni kwamba tumewafundisha kwamba turathi ni vitu. Vitu vinapigwa picha. Bibi si kitu, kwa hiyo hakuingia katika hesabu.

Jioni tuliwasomea wazee wa familia ule waraka. Mmoja wao, ambaye ni mtu wa heshima na sina ubaya naye, alisikiliza mpaka mwisho kisha akasema, "Mngeiacha tu iwe dua."

Nimelifikiria sana neno hili, kwa sababu ndani yake ndimo ulimo mzizi wa suala zima. Turathi isiyosomeka haimdai mtu. Inapendeza, inatutia fahari, inatufanya tujione watu wenye asili, na baada ya hapo inatuacha tuendelee na mambo yetu. Tazama milango ya kuchonga ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000. Juu ya milango mingi pamechongwa aya za Qur'an na mwaka wa Hijria. Kila siku watu wanapiga picha mbele yake. Ni wangapi wanaosimama wakasoma? Lakini siku unapojua kusoma, mlango unakuwa na neno na wewe. Waraka unakuwa na neno na wewe. Wasia wa Mwana Kupona unakuwa na neno na wewe, hata kama hukubaliani na kila lililomo. Unaweza kuulizwa.

Na kwa Muislamu hapo si mahali pa kuchagua. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, aya ya 282 ya Surat al-Baqara, inatuamrisha tuandike madeni na tuweke mashahidi. Maandishi katika dini yetu hayakuanza kama pambo. Ni ushahidi, na ushahidi usiosomwa ni ushahidi uliofichwa. Umar (r.a.) alipopata ardhi Khaybar na kumtaka ushauri Mtume (s.a.w.), alielekezwa azuie asili yake na atoe sadaka mazao yake, ndipo yakawekwa yale masharti kwamba haiuzwi, haitolewi zawadi wala hairithiwi. Yule mzee wa kijiji cha Tanga, miaka 1,300 baadaye, aliyarudia masharti hayo hayo kwa Kiswahili chake. Hiyo ndiyo turathi. Wino mwekundu ni mapambo yake tu.

Wapo wanaonipinga kwa hoja nzito, nami sitaki kuikwepa. Wanasema: walimu wa kusoma hati hizi ni wachache na wazee, mwalimu mmoja ana wanafunzi kumi, mtandao una watu elfu kumi. Ukisubiri mpaka kila picha ipate msomaji, karatasi zitakwisha. Hoja hii ni ya kweli kwa nusu. Piga picha leo, usisubiri. Lakini jua kwamba hiyo ni nusu ya kazi, na hatari ya picha ni kwamba inaturidhisha. Tukishaipiga tunahisi tumemaliza, tunaifunga simu, na bibi anabaki mkekani. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa naye alitumia chombo kipya cha wakati wake, alipoanzisha gazeti la As-Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932. Lakini hakuwaachia Waislamu magazeti peke yake. Alipofariki mwaka 1947 aliacha wanafunzi waliosoma mbele yake, nao wakafundisha. Karatasi ilipeleka sauti mbali, na darasa likatoa watu wa kuibeba.

Mtandao unaweza kufanya hivyo hivyo. Shule zilipofungwa mwezi Machi 2020 kwa sababu ya korona, wapo walimu walioendelea kuwasikiliza wanafunzi kwa simu, mtoto anasoma, ustadh anamrudisha. Pale simu haikuchukua nafasi ya mwalimu, ilimfikisha. Hicho ndicho kipimo changu. Chombo kinachokupeleka kwa mwenye kujua ni neema. Chombo kinachokufanya usimhitaji tena, hali hujajua, ni mtihani.

Kwa vijana walio katika kazi hii nina maneno manne.

Kwanza, muulizeni mtu kabla ya kufungua kasha. Kila picha moja iendane na sauti ya mzee mmoja: nani aliandika, alikuwa nani, neno hili linasomwaje. Karatasi inaweza kungoja mwaka mwingine. Mzee wa miaka 80 mambo yake yako mikononi mwa Mola wake.

Pili, jifunzeni kusoma. Mwenye kuijua Qur'an kwa kuitazama na anayekijua Kiswahili ana zana zote mbili, kilichobaki ni mazoezi. Na madrasa zetu zitenge japo nusu saa kwa wiki kwa kazi hii.

Tatu, chungeni siri za watu. Surat an-Nur, aya ya 27, inatukataza kuingia nyumba zisizo zetu bila kuomba ruhusa na kuwatolea salamu wenyewe. Kasha nalo ni chumba katika nyumba. Ndani yake mna talaka, madeni, magomvi ya ndugu. Si kila kinachosomeka ni cha kuonyeshwa watu elfu nne.

Nne, msiandike msichokijua. Kama hujui ni dua, usiseme ni dua. Kutojua si aibu.

Na kwa sisi wakubwa, tusijifiche nyuma ya makosa ya vijana. Sisi ndio tuliozifunga funguo na elimu pamoja, tukawaachia mchwa. Kijana mwenye simu alifanya kosa la kusoma vibaya. Sisi hatukusoma kabisa.

Huenda unataka kujua mwisho wa ule wakfu. Mwisho wake haujafika. Waliouza hawakujua, isipokuwa aliyejua na hakuulizwa. Aliyenunua hakujua. Hukumu yake iko mbele ya masheikh, nami si mtu wa kuitolea fatwa. Ndugu watatu wamekubaliana kwamba wakati wanasubiri, kila mwaka watatoa thamani ya mazao ya minazi 12 kwa ajili ya msikiti ule. Wawili wamekataa, na salamu baina yao zimepoa. Naliandika hili ili mtu asidhani kwamba kusoma turathi ni starehe.

Yule kijana aliiondoa ile video. Kwa idhini ya wazee wake aliweka nyingine, bila kasida, majina ya watu yakiwa yamefunikwa, na sauti ya bibi yake ikisoma mstari kwa mstari. Juu yake aliandika: Tulikosea, hii si dua, huu ni wakfu. Mara ya mwisho nilipoangalia, waliotazama walikuwa hawajafika mia tatu, na hakuna aliyeandika Amin. Lakini mmoja aliuliza, hiyo herufi ya be kwenye mbata, unajuaje kwamba ni mb?

Kijana akamjibu kwamba bibi ndiye anayejua, na kwamba kila Jumamosi baada ya Alasiri wanampigia simu wakasoma naye. Sasa wako sita. Mimi ni mmoja wao, na bado ananirudisha.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu (s.w.) atujaalie tuwe wenye kuzibeba amana za waliotutangulia kwa vifua na vitendo, na awasamehe wao na sisi. Wabillahi tawfiq.